Nikitazama Ndondi Sana, Nitajua Kupigana? Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Nakuru

Jumatatu jioni ndiyo siku yetu ya maswali hapa kwenye ukumbi wetu wa ndondi, Nakuru. Mapambano makubwa ya Las Vegas hutufikia Jumapili asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja hivi, na ikifika Jumatatu kila kijana anayeingia mazoezini ana mbinu mpya aliyoiona kwenye simu na swali la kuandamana nayo. Tumejibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa tumeyaandika ili anayekuja mara ya kwanza ayasome kabla hajafunga bandeji mikononi. Mengi ni ya ndondi kwa sababu ndiyo kazi yetu; mateke na mieleka yako sehemu ya mwisho.

Anayejibu ni kocha msaidizi aliyewahi kupigana uzani wa bantam, kundi la mabondia wepesi, na kushindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Huenda ndiyo sababu alijifunza kutazama.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, kocha: nikitazama ndondi nitajua kupigana?

Kama huna mazoezi, hapana. Utajua kuongea ndondi, na hilo si dogo, maana pale mtaa wa Bondeni kuna wazee wanaoweza kukuchambulia pambano hadi ukasahau chai yako. Lakini ngumi hutajua.

Kama unafanya mazoezi angalau mara tatu kwa wiki, jibu linageuka: ndiyo, na sana. Kutazama kunalisha jicho, na jicho lina kazi kubwa ulingoni. Ila linachoweza kuchukua kutoka kwenye skrini hutegemea kile ambacho mwili umeshakifanya. Karibu majibu yote yanayofuata yanazunguka hapo.

2. Nimetazama ndondi tangu niko darasa la nne. Mbona nikivaa glavu ni kama sijawahi kuiona?

Usione haya, si wewe peke yako. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chicago, Michael Kardas na Ed O'Brien, walichapisha majaribio yanayokuhusu kabisa. Waliwaonyesha watu video ya mtu akirusha vishale ubaoni, wengine mara moja, wengine mara ishirini. Wale wa mara ishirini waliamini kwamba wangelenga vizuri zaidi. Walipopewa vishale, hawakulenga vizuri kuliko wenzao. Hata kwa mbinu ya kuvuta kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo, kadiri mtu alivyotazama, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba angeiweza.

Sababu yake utaiona ukijiuliza ni vitu gani haviji na picha. Uzito wa glavu katika raundi ya tatu hauji. Pumzi haiji, na Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgeni kutoka Kisumu hutambua jambo hilo dakika ya pili. Umbali hauji, kwa maana kamera iko pembeni na wewe utakuwa mbele. Na ngumi ya pua haiji. Ukipigwa pua kwa mara ya kwanza macho yanajaa machozi hata kama huna huzuni yoyote, na yale yote uliyoyaona tangu darasa la nne yanaondoka kwa pamoja.

3. Lakini watoto si hujifunza kila kitu kwa kutazama?

Ni kweli. Msichana anayemwangalia mama yake akisonga ugali kila jioni hafundishwi kwa maneno. Lakini kumbuka kwamba siku moja hupewa mwiko, anaunguza, anasemwa, anarudia. Kutazama kwake kuna mwiko mwishoni.

Sayansi inaafiki. Katika jaribio moja la mwaka 2005, Andrew Mattar na Paul Gribble wa Canada waliwapa watu kazi ya kusogeza mkono wa mashine uliokuwa ukiwasukuma pembeni. Waliotazama kwanza video ya mtu mwingine akijifunza kazi hiyo walianza vizuri kuliko wasiotazama. Zingatia hapo: walitazama mtu *akijifunza*, anakosea na kujirekebisha. Hatukusema bingwa. Tutalirudia hilo katika swali la 12.

Mwaka huohuo, watafiti jijini London waliwaonyesha wacheza baleti na wacheza capoeira (mchezo wa Brazil unaochanganya ngoma na mateke) video za michezo yote miwili huku wakipima ubongo. Ubongo wa kila mmoja uliitikia zaidi miondoko ambayo mwili wake uliijua. Wote waliona picha ileile, ila mwenye mchezo wake aliona mengi zaidi. Ndiyo maana nasema anza mazoezi kwanza, video zitakuwa tamu zaidi baadaye.

4. Si kuna mabingwa waliojifunza kwa filamu?

Unamfikiria Mike Tyson. Alipokuwa kijana akiishi Catskill kwa kocha Cus D'Amato, alitazama filamu za mapambano ya zamani kutoka hazina ya mkusanyaji Jim Jacobs, usiku baada ya usiku. Mwaka 1986 akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu akiwa na miaka 20. Hadithi hii vijana huipenda na huiishia katikati: asubuhi alikuwa anakimbia, jioni anapiga pedi anazoshikiwa na kocha, halafu ndipo filamu. Filamu ilikuwa pudini, haikuwa mlo.

Na upande huu wetu? Philip Waruinge alipata shaba ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, na pamoja na shaba hiyo akapewa tuzo ya Val Barker, ile ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika mashindano. Mwaka 1972 Munich akaongeza fedha. Kizazi chake hakikuwa na video ya kurudisha nyuma nyumbani. Walichotazama ni wenzao ukumbini, jioni baada ya jioni, wakingoja zamu ya ulingo.

## Namna ya kutazama

5. Nitazame nini hasa?

Miguu. Ukichoka, tazama miguu tena.

Chagua raundi moja, funika nusu ya juu ya simu kwa kiganja, uone mabondia kuanzia kiunoni kwenda chini. Utaona ni nani anayesogea kabla ya kupiga na nani anayepiga kwanza ndipo mguu umfuate. Utaona kisigino cha mguu wa nyuma kikiinuka na kugeuka kabla ngumi ya nyuma, ile ya mkono ulio mbali na mpinzani, haijatoka. Ukimtazama bingwa wa Ukraine, Oleksandr Usyk, hivi, bila kuona ngumi hata moja, utajua nani anashinda: mguu wake wa mbele unatafuta kukaa nje ya mguu wa mpinzani, na mpinzani anageuzwageuzwa kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Baada ya miguu, tazama kinachotokea *baada* ya ngumi. Mtazamaji wa kawaida anaona ngumi ikifika. Bondia anaangalia mkono ulirudi wapi, kidevu kilikuwa wapi, na aliyerusha alitoka upande gani.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Kila mtu anajua kwamba Ali aliegemea kamba, akamchosha Foreman na kumwangusha raundi ya nane. Kwa hiyo vijana huja wakilala kwenye kamba. Ebu irudie. Raundi ya kwanza Ali hakulala kamba. Alimpiga Foreman kwa mkono wa nyuma bila kutanguliza ule wa mbele, jambo ambalo mtu hulithubutu akiwa na kasi ya ajabu. Kamba alizianza baadaye. Akiwa pale, angalia viwiko vimekaa wapi, angalia kichwa kinavyorudi nyuma kupita kamba, angalia anavyomkamata Foreman shingoni na kumlazimisha abebe uzito. Na mara nyingi mwishoni mwa raundi anaamka na kurusha ngumi za haraka usoni, majaji wakiwa wanatazama. Hiyo ilikuwa kazi ngumu. Hakuwa anapumzika. Kijana wetu anayelala kamba huwa anapumzika kweli.

6. Nikiwa ulingoni macho yakae wapi, na kutazama video kunasaidiaje hapo?

Hapa ndipo kutazama kunalipa kuliko mahali pengine popote. Mtu wa kawaida huhitaji kama sekunde 0.2 kuitikia kitu alichokiona, na ngumi ya karibu haikungoji hivyo. Bondia mzuri haioni ngumi ikija. Anaona dalili zake. Bega linashuka kidogo, kiwiko kinaachana na mbavu, uzito unahamia mguu wa mbele.

Utafiti wa Wafaransa wa mwaka 1995 kuhusu ndondi zao za mateke uligundua kwamba mabingwa hutuliza macho kwenye eneo la kichwa na kifua na kuona mengine kwa pembeni, ilhali wageni huruka huku na huku wakifuata mikono na miguu. Sisi hapa tunasema: tazama shati, si glavu.

Zoezi lake kwenye simu ni rahisi. Tuliza macho kwenye kifua cha bondia mmoja. Ukiona anataka kupiga, sema kwa sauti "kushoto" au "kulia" kabla ngumi haijatoka. Mara ya kwanza utakosa nyingi, na watu wa nyumbani watakuuliza kama uko sawa. Endelea. Baada ya wiki kadhaa utaanza kupatia.

7. Nitazame polepole au kwa kasi ya kawaida? Na sauti?

Polepole kwa miguu na kwa kujua ngumi ilipitia njia gani. Kawaida kwa kila kitu kingine, kwa sababu ukizoea polepole jicho linajifunza wakati usiokuwepo ulingoni.

Sauti zima. Mtangazaji ana hadithi yake na mara nyingi anamfuata bondia maarufu. Zima, chukua kalamu, toa alama mwenyewe: 10 kwa mshindi wa raundi, 9 kwa aliyeshindwa, 8 kama ameangushwa. Halafu linganisha na majaji. Wanafunzi wangu hushtuka wanapogundua kwamba yule waliyemdhani anapigwa alikuwa anaongoza.

8. Nitazame kwa muda gani?

Raundi moja, mara tatu, ukiwa na swali moja. Hiyo ni dakika tisa. Inakutosha siku nzima, na bando lako litakushukuru.

Pambano zima litazame Jumapili kwa raha yako na marafiki, na chai na mandazi. Usiite mazoezi.

9. Vipi zile video fupi za TikTok?

Zinaonyesha mwisho wa hadithi. Umeona huku ya kushoto (hook, ngumi inayozunguka kutoka pembeni) ikimlaza mtu. Hukuona ngumi arobaini za mbele kabla yake zilizomfanya yule mtu ainue mkono wa kulia juu kidogo, kidogo zaidi, hadi mbavu na shavu zikabaki wazi. Nokauti hupikwa kwa muda mrefu, TikTok inakuletea sahani tu.

Tena zina hatari nyingine, tazama swali la 10.

## Kutoka kwenye simu hadi ulingoni

10. Nimeona mbinu mpya. Naijaribu vipi?

Kwanza kisa. Kijana mmoja wa mtaa wa Rhonda alikuja kwetu akiwa amejifunza peke yake, miezi minne, ile kinga ya bega ya Floyd Mayweather: mkono wa mbele chini tumboni, bega la mbele juu likifunika kidevu, mkono wa nyuma karibu na shavu. Aliifanya vizuri mbele ya kioo, kwa kweli niliipenda. Kitu kimoja tu kilinitatiza. Alisimama mguu wa kulia mbele, na yeye ni mtu wa mkono wa kulia, anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia. Mayweather husimama kushoto mbele.

Tukampa sparingi nyepesi, yaani pambano la mazoezi, na kijana anayesimama kawaida. Ngumi ya kulia ya yule mwenzake ilipita ndani ya bega lile bila kubisha hodi. Ikapita tena. Kinga ya bega huwa na tundu pale mnaposimama kinyume, mmoja kushoto mbele na mwingine kulia mbele, na yeye alikuwa amejiweka kwenye tundu hilo mwenyewe.

Baada ya mazoezi nikamwambia anionyeshe video. Maandishi ya kaptura yalisomeka kinyume! Wengine wanaopakia mapambano yasiyo yao huigeuza picha, kulia ikawa kushoto, ili mitambo isiwagundue. Miezi minne alikuwa amemsoma Mayweather wa kwenye kioo. Tangu siku hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: kabla ya kuiga chochote, soma maandishi kwenye kaptura au sakafu ya ulingo.

Ukishahakikisha, fanya mbinu hiyo polepole hewani, bila mpinzani, siku ileile uliyoiona. Usilaze. Kesho yake kwenye begi la kupigia ngumi. Wiki ijayo kwenye pedi, na umwambie anayeshika pedi unatafuta nini. Ndipo uipeleke kwenye sparingi ya makubaliano, ambapo mwenzako anarusha ngumi ile moja tu unayoizoea. Sparingi huru ni ya mwisho. Mbinu nyingi hufia njiani na si hasara. Umejua si yako.

11. Nimuige bondia gani?

Aliye na mwili kama wako na anayesimama kama wewe. Basi. Mrefu mwenye mikono mirefu akimwiga Tyson anatupa zawadi aliyopewa na Mungu, na mfupi akimwiga Wladimir Klitschko atapigwa akiwa mbali bila kufika. Wa mkono wa kushoto, mtazame Usyk au Vasyl Lomachenko.

Nami naongeza: chagua bondia wa kawaida kidogo. Roy Jones Jr. wa ujanani ni raha kumtazama na ni mwalimu mbaya kuliko wote, kwa kuwa alifanya makosa ambayo kasi yake ilimsamehe. Wewe hutasamehewa.

12. Kutazama wenzangu wakifanya sparingi kuna faida, au nikae nje na simu hadi zamu yangu?

Weka simu chini. Kama ningeruhusiwa kukupa jibu moja tu kati ya haya yote, ningekupa hili.

Kwenye benchi unaona mtu wa kiwango chako, makosa yako, umbali halisi, na unasikia pumzi. Unasikia ngumi iliyofika na ile iliyogonga glavu, sauti zake ni mbili tofauti kabisa. Unamwona akikosea raundi ya kwanza, kocha anamwambia neno kona, anarekebisha raundi ya pili. Ndicho kile tulichokisema swali la 3, kumtazama anayejifunza. Halafu dakika kumi baadaye unaingia ulingoni na mtu huyohuyo. Hakuna simu inayoweza kukupa hayo.

Na ujitazame mwenyewe. Egemeza simu kwenye chupa ya maji, rekodi raundi moja. Wengi huniambia "kocha mimi mkono siushushi", tunairudia pamoja, wanaushusha kila wakirusha ngumi ya mbele, na hakuna anayebishana na picha yake. Jiandae kisaikolojia, mara ya kwanza unajiona mzito kama gunia la viazi. Sote tulijiona hivyo.

13. Nimepata video ya mpinzani wangu wa mwezi ujao. Inasaidia?

Ndiyo, ukitafuta tabia mbili na kuacha. Je, anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka? Je, mkono wa nyuma unashuka akipiga mbele? Ukiingia na mambo tisa kichwani utakuwa unafikiri huku unapigwa.

Angalia tarehe ya video pia. Kijana wa miaka 18 aliyepigana mwaka jana huenda leo amehama uzani, amebadilisha kocha, na wewe unajiandaa kwa mtu asiyekuwepo.

14. Nimevunjika kidole, siwezi kupiga kitu wiki sita. Nitazame tu?

Hapo kutazama ni mazoezi halali. Tazama raundi, kisha fumba macho ujione ukifanya, kwa kasi ya kweli, na mwili wako ukihisi. Kujiwazia hivyo husaidia kuhifadhi ujuzi uliokuwa nao, ingawa hakuongezi pumzi. Na uje ukumbini hata hivyo. Kazi ya miguu haihitaji kidole.

## Hali za pembeni

15. Mimi nafanya mateke au mieleka. Ndondi zinanifaa kuzitazama?

Kwa mikono na umbali, ndiyo. Kwa kusimama, tahadhari. Bondia huinamisha kichwa chini ya ngumi ya huku kwa kuwa anajua hakuna goti litakalomkuta huko. Kwenye mateke goti lipo. Bondia pia huweka uzito mguu wa mbele bila wasiwasi, na mpiga mateke huupenda sana mguu wa namna hiyo.

Mieleka ndiyo migumu zaidi kujifunza kwa macho, kwa sababu nusu ya kazi iko kwenye mshiko na mvuto usioonekana. Unachoweza kukiona ni nyonga: nani ameziweka chini ya za mwenzake. Nikiwa Kakamega, kwenye mapigano ya mafahali, watu wote huangalia pembe na kucheza isukuti. Mimi huangalia miguu ya nyuma. Fahali ambaye kwato zake za nyuma zimeanza kuteleza atageuka na kukimbia muda si mrefu, hata kama pembe zake bado zinaonekana kushinda. Wenyeji wamenicheka kwa kukaa upande wa mkia, lakini nimepatia mara nyingi.

16. Mwanangu anatazama mieleka ya televisheni kutwa. Atajifunza kupigana, au atakuwa mkorofi?

Mieleka ile ya Marekani yenye muziki na fataki hupangwa. Wale ni wanariadha kweli na maumivu yapo, lakini mshindi anajulikana kabla na anayeangushwa anashirikiana na anayemwangusha. Mtoto akijaribu kumbwaga mdogo wake kwenye sakafu ya saruji, hakuna ushirikiano huo. Mwambie hivyo waziwazi, na usingoje.

Kuhusu ukorofi: mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake walionyesha kwamba watoto wadogo waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walimpiga vivyo hivyo, hadi kwa maneno yaleyale. Watoto huiga. Kaa naye, zungumzeni mnachoona, na akipenda sana mlete mazoezini. Huku atakutana na refa, kupeana mikono, na kufagia ukumbi.

17. Mimi ni mwanamke. Nitazame wanaume au wanawake?

Wote, ila wanawake kwanza. Raundi za wanawake wa kulipwa huwa za dakika mbili na za wanaume tatu, kwa hiyo mwendo ni tofauti: hakuna muda wa kupimana sana, kazi inaanza mara moja. Ukijifunza mwendo wa dakika tatu utajikuta raundi imeisha ukiwa bado unajipanga.

Na hatukosi wetu. Conjestina Achieng wa Siaya alikuwa akiitwa Hands of Stone, na ukimtazama utaona kwa nini. Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa WBC (Baraza la Ndondi la Dunia) wa uzani wa super bantam mwaka 2016, akimshinda Alicia Ashley kwao Marekani. Wote wawili, angalia jinsi wasivyorudi nyuma baada ya kupigwa.

18. Nikivamiwa usiku nikitoka stejini, haya niliyoyatazama yatanisaidia?

Toa simu, toa pesa, kimbia. Huko hakuna refa, huenda wako watatu, na huenda mmoja ana kisu. Tena ngumi bila glavu kwenye fuvu la mtu huvunja mfupa wa kiganja chini ya kidole kidogo, jeraha ambalo madaktari hulijua vizuri hata wamelipa jina la mabondia.

19. Kuna ubaya wowote wa kutazama sana?

Ubaya ni ule wa swali la 2 ukivaa glavu. Anayejiamini kupita uwezo huomba sparingi mapema, huomba mtu mzito, na hupiga kama yuko kwenye pambano la mkanda. Sparingi ni darasa. Ikigeuka vita, tunaisimamisha.

Kichwa si cha kuchezea hata kwa walio bora. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, akimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili katika fainali. Julai 1994 alifariki Las Vegas baada ya pambano lake na David Gonzales, akiwa na miaka 26. Tunawaambia vijana sehemu zote mbili za habari hiyo.

Kwa hiyo ukipigwa kichwani na baadaye ukaumwa kichwa kinachozidi, ukatapika, ukaona vitu viwili viwili, ukachanganyikiwa au ukashikwa na usingizi usio wa kawaida, nenda hospitali usiku huohuo, na usiende peke yako kwa boda. Mwambie kocha hata kama unaogopa kuondolewa kwenye orodha. Hakuna sparingi hadi daktari aseme.

20. Mimi nina miaka 50, sitaki kupigana, nataka tu kuelewa ninachokiona. Mnakubali watu kama sisi?

Karibu, mzee, tena njoo mapema viti havitoshi. Kaa karibu na kona ya bluu au nyekundu, si katikati ambako kila mtu anagombania. Kengele ya mwisho wa raundi ikilia, usimwangalie anayeshangiliwa; sikiliza kocha. Ana dakika moja. Kwanza anamwacha bondia avute pumzi, kisha atasema jambo moja, mara chache mawili, kwa sauti ya chini. Ng'ang'ania jambo hilo, kisha angalia raundi inayofuata kama bondia amelifanya.

Na tafadhali usiwapigie vijana wetu kelele za "mmalize!" Yule wa upande wa pili naye huwa anakusikia, na anainua mikono.